Samaki Sita wa Posa Yangu

"Mayi, fungua huo mfuko."

Mlinzi wa bwawa aliongea taratibu, kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu.

Mimi nikacheka! Niliamini kabisa mle ndani hamna kitu zaidi ya kitenge changu, chupa ya maji na mkate uliobaki.

"Fungua tu mwenyewe, bambo," nikamjibu. Kwa Kichewa cha huku, mayi ni mama na bambo ni baba.

Akafunua kitenge…

Samaki watatu!

Wabichi, bado wanahema! Mmoja alipoangukia nyasi mdomo ukamfunguka, vikamwagika vitoto vidogo vidogo, vikaanza kurukaruka pale chini kwenye vumbi.

Wapendwa!

Nikamgeukia Aristote. Mchumba wangu. Mwanaume aliyekuwa anakuja kwetu kuposa kesho yake, Jumapili. Nilijua atasema kitu.

"Aristote… hizi samaki zinatoka wapi?"

Akaangalia maji.

"Mi sijuwe. Mufuko ni yake, bambo. Miye zangu njo hizi za mu ndoo. Tatu tu."

HAKUNITAZAMA HATA USONI!

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, maana hata mimi nikikumbuka naona kama ni stori ya mtu mwingine…

Naitwa Annonciata, nyumbani wananiita Nono. Nashona nguo hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Kwetu ni Uvira, na papa alikuwa mvuvi wa Tanganyika kabla ya vita kutufikisha huku Malawi.

Ukipita Kanengo, nje kidogo ya Lilongwe, kuna bwawa la tajiri mmoja mwenye duka Old Town. Jumamosi anaruhusu watu kuja kuvua kwa ndoano, kwa raha tu. Unakaa na fimbo yako, unakunywa Fanta, unapiga stori.

Ila masharti yameandikwa kwenye kibao pale getini. Kila mtu samaki watatu kwa siku, basi. Wadogo wanarudi majini. Na mama mwenye watoto anarudi upesi, maana makumba, samaki wa mabwawa ya huku, anaficha watoto wake mdomoni mpaka wakue.

Mimi hata hao watatu nilikuwa siwachukui. Napenda ule mshipi ukivutwa mkononi. Nikishampata namwangalia, namrudisha.

Aristote nilikutana naye palepale, vijana wa kanisa tulipoenda kutembea. Mtoto wa Bukavu, msomi, Kifaransa kinamtiririka. Lakini jamani, alikuwa anaogopa minyoo!

"We Nono, hii kitu inajikunja!"

"Shika, haiumi!"

Nilimfundisha kila kitu, kuanzia kufunga ndoano mpaka kunyamaza. Jumamosi baada ya Jumamosi tukakaa pale. Nikampenda mpaka nikawa nashona huku nacheka peke yangu.

Basi akaja kujitambulisha kwa papa Télesphore. Papa akampa sharti la ukoo wetu.

"Kwetu, mwanaume mwenye anataka binti analeta samaki," papa akasema. "Moja kwa kila mutu wa nyumba. Nzima, haikatwe. Na isitoke ku soko. Itoke ku ndoano."

Nyumbani tuko papa, mama Eugénie, wadogo zangu watatu na mimi.

"Papa, samaki sita?" nikaruka. "Kule banaruhusu tatu kwa mutu!"

Papa akatabasamu tu.

"Batajua namna ya kufanya."

Hilo neno nililisikia na masikio yangu. Sikulielewa!

Ikafika ile Jumamosi. Nikavua watatu wazuri, mbele ya macho ya Aristote.

"Chukua zangu," nikamwambia. "Tatu zako, tatu zangu, tumemaliza. Hatuvunji sheria ya mutu."

Akacheka.

"Nono, franchement! Nikuye kuposa na samaki ya mwanamuke? Papa yako atanicheka mpaka kesho."

"Basi tusogeze posa wiki moja."

"Hapana! Nonko yangu ameshatoka Madisi juu ya hii mambo. Rudisha zako mu maji. We niachie." Nonko ni mjomba wake, ndiye wa kumsindikiza kuposa.

Nikawarudisha, mmoja mmoja. Kisha nikaenda kununua Fanta kwa mke wa mlinzi. Niliporudi alikuwa anafunga vitu, ana haraka.

"Twende, chérie. Tatu inatosha, nitaongea na papa yako vizuri."

Nilimwamini! Nikajitwika mfuko wangu begani.

Mlinzi yule hakuwahi kutupekua hata siku moja. Siku hiyo aliona maji yanadondoka kwenye mfuko…

Turudi pale getini.

Mlinzi hakunifokea. Alipiga magoti, akamnyanyua yule mama makumba, akakimbia naye majini. Akarudi akaanza kuokota vile vitoto kwa viganja. Nami nikapiga magoti kumsaidia. Vingi vilikuwa vimeshatulia.

Aristote alisimama na ndoo yake.

"Mayi," mlinzi akaniambia, "mimi ndiye niliyemwambia bosi kwamba watu wa Dzaleka wanafuata sheria. Yeye hakutaka muingie."

Nikaendelea kuokota. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Usirudi tena hapa."

Akaniambia MIMI! Aristote akaambiwa zikomo, yaani asante, tutaonana Jumamosi. Na akaitikia!

Tulitembea mpaka barabarani. Huko ndiko nikalipuka.

"Juu ya nini ulinifanyia vile?"

"Pardon, Nono. Niliogopa. Mwanaume akishikwa na samaki ya kuiba, nani atamupa bibi?"

"Na mwanamuke akishikwa?"

Akahamishia ndoo mkono wa pili.

"Nilikupatia zangu, Aristote! Nilikupatia kwa mukono yangu!"

"Nilitaka ikuwe yangu. Yote. Papa yako aone niko mwanaume."

Akalia, jamani. Alilia barabarani watu wa kabaza wakipita na baiskeli zao wakituangalia. Na mimi nilivyo mjinga wa mapenzi… nikamfuta machozi. Mimi niliyefukuzwa, ndiye niliyembembeleza!

Jioni akanipigia simu.

"Zile tatu zimepungua nimezinunua ku soko ya Old Town. Kesho usiseme kitu, chérie. Nakuomba."

"Sawa," nikasema.

Ndiyo, nilikubali. Nilimtaka yule mwanaume. Gauni langu la harusi nilishalikata, lilikuwa mezani chini ya cherehani, nalipapasa kila nikipita.

Jumapili, baada ya misa, wakafika. Aristote na suti, nonko wake Cishahayo mbele. Sinia likawekwa katikati ya mkeka. Samaki sita, wamepangwa vizuri.

Mama akapiga kigelegele kifupi. Wadogo zangu wakasogea kuchungulia.

Papa akawaangalia wale samaki muda mrefu.

"Hizi zilitoka ku ndoano?"

"Ndiyo, papa."

"Ku ndoano ya nani?"

Aristote akanyoosha mgongo. Nilimwona, mpaka leo namwona.

"Yangu, papa! Zote sita. Miye peke yangu, hakuna mutu alinisaidia!"

Alijua amemaliza kazi. Akatabasamu. Nonko wake naye akatabasamu.

Lakini uso wa papa ukaanguka… Na mama akaziba mdomo kwa kitenge.

"Peke yako?" papa akauliza taratibu. "Mwana wangu, fikiri vizuri. Nono hakuvua hata moja?"

"Hata moja, papa!"

Papa akavua kofia yake.

"Nikuambie kitu. Kwa baba wa mama Nono, kulikuwa bantu saba. Nilileta samaki saba. Tatu zilikuwa zangu, ine zilitoka ku ndoano ya huyu mama."

"Pale Kalundu, ku ziwa," mama akadakia. "Ule muzee alikuwa hata hajui kufunga ndoano. Nilimufungia miye."

"Hii sharti haikuwekwa juu ya kupima mwanaume," papa akaendelea. "Peke yake hawezi. Inapima kama bale bawili banavua pamoja. Mwenye anakuya na kusema, zangu ni hizi, zake ni hizi, huyo njo tunamupa binti."

WAPENDWA!

Tatu zake na tatu zangu! Zingetosha! Sheria ya bwawa isingevunjika, sharti la papa lingetimia, na mimi leo ningekuwa mke wa mtu! Nilizishika mkononi, akaniambia nirudishe majini.

Papa akanigeukia.

"Nono, we ulikuwa wapi siku iyo?"

Aristote akanitazama. Sasa ndiyo akanitazama usoni! Macho yananiomba… sema kitu, chérie, sema ulikuwa mgonjwa, sema hukuja.

Ningeweza kusema uongo. Uongo mdomoni nilikuwa nao tayari. Nikawaza lile gauni. Nikamkumbuka na yule mama makumba, watoto wake wakimwagika kwenye vumbi.

"Papa," nikasema, "miye nilikuwa nabeba mufuko."

Nikaeleza yote. Mpaka ya Old Town.

Nonko Cishahayo ndiye aliyesimama kwanza, akaomba radhi, akatoka ameinamisha kichwa. Aristote alibaki kidogo pale mlangoni.

"Nono…"

Sikumwangalia. Na mimi niliangalia pembeni, kama alivyoangalia maji siku ile.

Wakaondoka. Wale samaki hatukula. Mama aliwapeleka kwa jirani, akarudi akanikuta nimekumbatia lile gauni, akakaa chini karibu yangu.

Papa nilimnunia pia, nisiwafiche. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia mapema.

"Ningewaambia, ningejua nini juu yake?" akanijibu. Halafu akasema pole, na papa yangu si mtu wa kusema pole.

Juzi nilifika mpaka kwenye kile kibao, sikuingia. Nilimwambia mlinzi ukweli nikiwa nje ya geti.

"Nilijua, mayi," akasema. "Ila nilikungoja wewe useme samaki si wako, ukanyamaza."

Akafungua geti. Nikashindwa kuingia. Mahali petu pale chini ya miti nilipaona kutoka barabarani, na moyo ulinipasuka upya.

Dada zangu, kaka zangu, nawaambia hili moja. Watatu kwa kila mtu haikuwekwa ili tukose. Wanatosha, kama unakubali kuhesabu na wa mwenzako. Mwanaume anayeona aibu kubeba samaki wako, haoni aibu kukubebesha wizi wake.

Fimbo yangu ipo, imening'inia juu ya cherehani. Gauni nalo nimelikunja.

Bado nampenda, jamani. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.