Mgeni wa Safu ya Mbele

Wageni wote walisimama, wakapigiwa makofi, nao wakajibu kwa makofi yao, ila ya mzee mmoja wa safu ya mbele hayakulia. Sellah aliviona viganja vyake vikikutana na kuachana, kimya. Mabega yalimjaa vumbi la chokaa. Lakini kazi ya Sellah kanisani ilikuwa kukaribisha wageni, si kupeleleza watu. Akatabasamu, akamwambia kama anavyowaambia wote: "Karibu, baba. Jisikie uko nyumbani."

Loo! Ulimi hauna mfupa.

Kanisa lao lilikuwa limepanga Malkia, jumba la sinema la enzi za wakoloni hapo Kitale. Wazungu walikaa roshani, Wahindi wakakaa chini, Mwafrika aliona picha kwa kujiiba. Waumini walifagia vumbi, wakaupaka chokaa ukuta wa picha, wakaimba haleluya. Nani angejua?

Kesho yake Ivy, mtoto pekee wa Sellah, alifuatana na mamake kufanya usafi. Akakaa safu ya mbele, akaukodolea macho ukuta mtupu, akacheka. Hakuinuka tena. Walipombeba kumpeleka hospitali, pumzi ilikatika mlangoni. Walipomrudisha kitini, ikarudi. Hakula, hakunywa. Mchungaji Wakoli alikemea pepo mpaka sauti ikamkauka, na kadiri alivyokemea ndivyo harufu ya njugu za kukaangwa ilivyozidi, na juu, katika chumba cha mashine ya sinema kilichozibwa kwa matofali, kitu kikaanza kuzunguka tara-tara-tara, na midomo ya Ivy ikazidi kupasuka kwa kiu huku macho yakifuata picha ambazo hakuna mwingine aliyeziona, na Sellah akapiga magoti akimwomba Mungu achukuliwe yeye.

Mama mkwe wake, Nabwile, alifika kutoka Tongaren. Alimtazama mjukuu, akanong'ona, "Nani alimkaribisha huyu anayemshikilia?"

"Ni mimi, mama. Mzee mmoja, alikaa hapa mbele."

"Ukamwambia nini?"

"Ati ajisikie nyumbani."

Nabwile akashika kichwa. "Uwi! Zamani mtu alijificha nyuma ya pazia la picha, hapo ukutani, aibe sinema; wenye jumba wakamfungia, akafia huko. Baba yangu alikuwa anatuambia. Sasa nyinyi mnamkemea, na si ni nyinyi mlimwambia akae? Mgeni hafukuzwi, bana. Husindikizwa. Na mwenye alimkaribisha."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mgeni mwenyewe aseme, 'Rudi sasa.'"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakumjua huyu. Sellah alisimama mbele ya kiti cha kando ya Ivy, kilichokuwa kitupu, akanyoosha mkono. "Baba," akasema, "twende nikusindikize."

Mkono mkavu ukaingia ndani ya wake.

Walitembea kuelekea ukutani. Nyuma yake Ivy alikohoa, akavuta pumzi ndefu, akalia, "Mama! Maji!" Mungu wangu, sauti ile! Sellah alitaka kugeuka.

"Nirudi sasa, baba?"

"Bado kidogo," ikajibu sauti sikioni, kwa upole.

"Sellah, inatosha!" Nabwile alipiga kelele. "Rudi!"

Lakini Nabwile hakuwa mgeni. Sellah alijua akiuachia mkono ule, pumzi ya mwanawe itakatika tena. Akaukaza.

"Mpeni maji," akasema bila kugeuka. "Polepole, asipaliwe."

Kisha akapiga hatua, na chokaa ikamgusa usoni, baridi.