Kidole Gumba cha Bi Odessa

Bi Odessa Pritchard alirudi kutoka hospitali na nyonga mpya, akafungua barua ya kaunti, akakuta nyumba yake si yake tena. Imehamia kwa kampuni moja ya jimbo la Wyoming, kule ambako wenye kampuni hawatajwi. Nakala ya hati ndani ya barua ina saini yake, na pembeni muhuri wa mthibitisha hati, Corliss Bettencourt.

Akampigia. "Mwanangu, hatujuani. Mbona umeniuza?"

Corliss alifika mbio. Kazi yake ni kuzunguka mji wa Eureka na muhuri kwenye mkoba. Unamtumia ujumbe, anakufuata ulipo. Siku hiyo ukungu ulikuwa umepanda kutoka ghubani hadi barazani, umelala pale kama mgeni asiyeaga. Paka wa Bi Odessa alimlaki kama anayemjua.

"Nilikuja hapa ulipokuwa hospitali," Corliss alisema. "Mlango ulikuwa wazi. Kitandani kulikuwa na bibi, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, blanketi hadi kidevuni. Akanionyesha leseni yako ya udereva."

"Hiyo iko kwenye droo tangu niache kuendesha."

"Nikamuuliza anaelewa anachosaini? Akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba kidole gumba cha kulia, maana California hati ya nyumba haipiti bila kidole. Mkono ukatoka kwenye blanketi taratibu, kama unaelea. Akakifuta gumba kwenye ndewe ya sikio, mara tatu, ndipo akanipa."

"Polisi wanasemaje?"

"Watalinganisha alama. Foleni ni miezi miwili."

"Na kampuni inaiuza nyumba Ijumaa," Bi Odessa alisema, akimkumbatia paka. "Nimezaliwa humu, Corliss."

Ufunguo walikuwa nao watu wawili: Dwight, mpwa wake, na Verna Haugen, jirani aliyekuwa akimlisha paka. Corliss akawaita wote kesho yake. Kila mmoja asaini kwamba hana dai lolote kwenye nyumba hii.

Dwight aliingia anabishana. "Muhuri dola kumi na tano, halafu sitini za safari? Kwani umetoka mwezini?"

"Kumi na tano kila saini ndiyo mwisho kisheria. Za safari tunapatana kabla sijawasha gari. Shangazi yako ameshakubali, wewe tulia."

"Shangazi, nilikwambia uuze mapema! Sasa unaona?"

"Huyu kila Krismasi ananiambia niuze," Bi Odessa alinong'ona. "Ni yeye tu."

Corliss alimgeukia Verna, aliyekaa dirishani akiutazama mti mkubwa wa Bi Odessa uliosimama nje. "Umeshawahi kufanya hivi, Bi Verna?"

"Mimi? Nimepanga nyumba maisha yangu yote. Watu wa mihuri nawasikia tu."

"Basi anza wewe."

Verna alisaini polepole. Kidau cha wino kilikuwa bado mkobani. Mkono wa Verna ukapanda wenyewe, kama wa mtu anayeota, gumba likafuta ndewe ya sikio, mara moja, mbili, tatu, kisha likanyooshwa mezani. Likasubiri.



"Sasa Dwight," Corliss alisema. Dwight akasaini, akainuka. "Bado kidole."

"Kidole? Mimi mhalifu?"

"Unaona, Bi Verna? Asiyejua huuliza. Wewe umenipa kabla sijaomba, kama ulivyonipa kule kitandani. Alama ya lile gumba ninayo. Ukibisha, weka hapa tuangalie pamoja."

Verna alikirudisha kidole mapajani, akakifunika kwa mkono wa pili.

"Sikuitaka nyumba," alisema mwishowe. "Ni ule mti, Odessa. Miaka thelathini umenizibia ghuba. Ningeukata, nikae dirishani kwangu, niione bahari kabla sijafa. Nyumba ningeiuza tu, kampuni ile ni yangu."

"Mpumbavu wewe," Bi Odessa alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Ungebisha hodi, ungekaa barazani kwangu kila siku."

Corliss aliwapigia polisi. Walipokuwa wakiwangoja, Bi Odessa alimshika Verna mkono, akatoka naye nje akijikongoja na fimbo yake, hadi ng'ambo ya mti, pale ambapo hakuna kinachoziba kitu.

"Haya. Tazama bahari yako."

Verna alitazama. Mbele yao ulikuwepo ukungu tu, mweupe, mpaka mwisho wa dunia.