Zamu Yako Kulaaniwa

Asubuhi hiyo ukumbi wa shirika la maji ulifurika, na nusu ya watu walikuwa na simu sikioni wakimlaani mwanamke mmoja.

"Simu yako ni muhimu kwetu," mwanamke huyo aliwajibu wote kwa sauti laini. "Kwa bili, bonyeza moja. Kwa mita, bonyeza mbili..." Alikwenda hadi tisa, kisha akaanza upya.

Fundi mitambo alisikiliza akiwa nyuma ya kaunta. Meneja alimtaka aifute sauti ile na kuweka mfumo mfupi, utakaomfikisha mteja kwa mtu. Miezi minane alikuwa akipiga danadana: leo waya, kesho programu. Kumbe sauti ile ndiyo kitu pekee alichobaki nacho cha mwanamke aliyempenda. Kila mchana aliipigia simu, akaisikiliza hadi tisa. Wateja waliumia kwa ajili ya moyo wake, naye alilijua hilo.

Mara akaingia mwenye sauti ile, yeye mwenyewe. Gauni lake la rangi ya machungwa lilikuwa limelowa hadi magotini.

"Bomba limepasuka, nyumba imejaa maji!" alifoka. "Nimepiga mara saba, najibiwa na mimi mwenyewe!"

Watu wakageuka kumtazama.

"Haa! Ni yeye!" akasema mama mmoja kwenye foleni. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, eh, mwanangu?"

"Mama, mimi nilisoma karatasi tu. Aliyeiandika yule pale."

Macho yote yakamgeukia fundi. Alimtuma haraka fundi bomba, kisha akamvuta mwanamke kando.

"Mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Siku mama yangu alipolazwa hospitalini nilikupigia hapa mara kumi na mbili. Nikasema, ameniwekea mashine ili asinisikie."

"Nilikuwa chini, kwenye chumba cha mitambo. Simu haikunifikia. Kwenye mashine ile hakuna njia ya kumpata mtu."

"Na nani aliijenga?"

"Mimi. Nilikuja kwako mara tatu, nikakuta kufuli. Namba ukabadilisha."

"Nilikwenda kumuuguza mama." Sauti yake ikalegea kidogo. "Mbona hujaifuta sauti yangu?"

"Ningekusikia wapi tena?"

Fundi alitamani kumshika mkono, akaogopa.

"Watu wana maji magotini, wewe unasikiliza mapenzi," mwanamke akasema. "Futa. Nikiona."

Fundi akaufungua mfumo kwenye kompyuta. Alihisi anamzika mtu aliye hai. Akabonyeza, na simu zote ukumbini zikanyamaza.

"Sasa weka yako," mwanamke akasema, akikamua pindo la gauni. "Ni zamu yako kulaaniwa."

Akaondoka bila kuaga wala kuacha namba.

Kesho yake mchana fundi alikaa mezani na mkono ukaufuata mkonga wa simu kwa mazoea. Akaurudisha. Hakukuwa tena na wa kumsikiliza, ila yeye mwenyewe akisema: "Eleza shida yako. Ukitaka mtu, bonyeza sifuri." Hakuwa amejua mchana unaweza kuwa mrefu hivyo.

Simu ya mezani ikalia.

"Nimebonyeza sifuri," ikasema sauti aliyoijua kuliko yake. "Nimempata mtu?"

"Umempata."

"Mara moja tu nimepiga. Una sauti mbaya, lakini unafupisha." Akacheka. "Mama amepona. Anasema, huyo anayepokea simu siku hizi, aje aonekane nyumbani."

"Lini?"

"Mbona hata wewe unanizungusha kama ile mashine? Njoo."