Doa Chini ya Unyayo wa Kulow

Katika mwaka wa 1996, mtu wa Bura akiwa na ngamia mgonjwa alimpeleka kwa Kulow. Ngamia akivimba goti, kwa Kulow. Akiota sugu shingoni, kwa Kulow. Dawa zake zilikuwa mbili tu: chuma cha moto na utomvu mweupe wa mtupa, mti ambao utomvu wake huunguza ngozi. Wazee walisema ugonjwa na moto havikai pamoja, naye aliamini hivyo kabisa. Alikuwa fundi kweli, na sifa zake alizisema mwenyewe kabla hujamuuliza.

Mkewe, Sharifo, aliuza maziwa sokoni. Yeye ndiye aliyeliona doa kwanza. Lilikuwa chini ya unyayo wa kushoto wa mumewe, jeusi, dogo kama kupe. Kulow alisema ni mwiba wa zamani. Baada ya mwaka mmoja lilikuwa kubwa kama kifungo cha shati, na kingo zake hazikulingana. Basi Kulow akalipaka utomvu siku saba, kama anavyowapaka ngamia.

Ngozi iliungua, ikafanya kigaga, kigaga kikaanguka. Chini yake palikuwa pekundu, hapana doa. Nani angemnyamazisha sasa? Alijisifu kisimani, akajisifu nje ya msikiti mpaka watu wakachoka. Sharifo hakuchoka. Alikuwa ameogopa sana, na sasa alifurahi.

Miezi mitatu baadaye doa lilirudi. Safari hii lilikuwa pana zaidi, na damu ililowesha kiatu chake cha tairi. Kulow akaanza kuchechemea nyuma ya ngamia wake. Asubuhi moja akatia chuma motoni ili aumalize ugonjwa huo mara moja.

Wakati huo huo jirani yao Habibo akaingia kununua maziwa. Habibo alikuwa muuguzi katika zahanati. Aliona chuma, akaona mguu, akaweka chombo chake chini. Akaomba ruhusa atazame. Akauliza doa lilianza lini, kama limekua, kama limebadilika rangi, kama linawasha au kutoa damu. Sharifo alijibu yote.

"Adeer," Habibo akamwambia kwa heshima, kama binti anavyomwita baba mdogo, "jipu la ngamia likijifunga juu, na usaha umebaki ndani, unasema amepona?"

"Hapana," akasema Kulow. "Huyo atakufa nisipolifungua."

"Na mguu wako ni hivyo hivyo. Utomvu uliunguza juu tu. Mzizi ulibaki."

Kisha akawaeleza taratibu. Karibu kila mtu ana doa jeusi mwilini, na mengi hayana ubaya. Hayo huachwa yalivyo. Lakini doa linalokua, linalobadilika rangi, lenye kingo zisizolingana, linalotoa damu au lisilopona, hilo lionwe na daktari. Huenda ni kansa ya ngozi. Kwa sisi watu weusi kansa hiyo hupenda kujificha chini ya unyayo, kiganjani, au chini ya ukucha. Kuliunguza kwa moto au kwa utomvu hakuondoi kansa. Kunaificha tu, daktari asiitambue. Na utomvu ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu.

Kulow aliutazama mguu wake. Hatimaye akasema jambo lililokuwa likimsumbua.

"Huko hospitali ya Garissa watanikata mguu. Mtu wa ngamia bila mguu ni nini?"

Habibo hakumdanganya. "Sijui watakata nini. Ninajua kwamba likiwahiwa, hukatwa kidogo. Ukichelewa, mguu utakwenda, na baada ya mguu ni wewe."

Sharifo hakungoja mumewe aamue. Alichukua koleo, akakitoa chuma motoni, akakifukia mchangani. Akasema kesho watakwenda Garissa, na maziwa atauza jirani mwingine.

Hospitalini daktari alilikata doa pamoja na ngozi kidogo ya pembeni, akalipeleka kupimwa Nairobi. Walisubiri majibu wiki tatu. Zilikuwa wiki ndefu, na Kulow hakujisifu hata mara moja. Majibu yalipokuja, ilikuwa kansa kweli, lakini haikuwa imeingia ndani, na yote ilikuwa imetoka. Aliambiwa arudi kila miezi mitatu akaguliwe. Kulow alilia mbele ya mkewe na hakuona haya. Sharifo alisema alhamdulillahi, akalia naye.

Kidonda kilipona. Leo Kulow anafuata ngamia wake bila kuchechemea.

Juzi rafiki yake Muse alikuja kuomba utomvu wa kuondoa doa la shingoni. Kulow alimuuliza maswali yote ya Habibo. Muse akajibu kwamba doa lile amezaliwa nalo na halijawahi kubadilika.

"Basi liache," Kulow akamwambia. "Likibadilika, nenda kwa Habibo, usije kwangu."

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imesikika. Kulow akampa birika la maji atawadhe. Muse alipovua viatu, Kulow akamwambia ainue mguu autazame chini. Muse akacheka.

"Usicheke," akasema Kulow. "Mimi mguu huu niliuosha mara tano kwa siku, mwaka mzima. Kuosha niliosha. Kutazama sikutazama."

Muse akaacha kucheka. Akaweka birika chini, akainua mguu wake, akautazama.