Mgeni wa Mita Arobaini

Jamani, waya usiounganishwa na kitu haukohoi. Huu wa Joash Obuya ulikohoa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la Waithaka likiwaka, migomba ya jirani imetulia tuli. Joash alikuwa juu ya ngazi akifunga ncha ya mwisho ya antena yake. Mkewe Peres, aliyekuwa akichambua sukuma wiki mlangoni, akainua kichwa.

"Baba Ivyne, ni wewe umekohoa?"

"Ni upepo, Mama Ivyne."

"Upepo gani na hata jani halitingiki?"

Joash akacheka. Mtu akishapata alichokitamani, masikio huziba. Miaka mingi alitaka redio ya kuongea na dunia nzima, lakini ploti yao ilikuwa kiganja tu: vyumba viwili, choo, ukuta. Waya wa bendi ya mita arobaini, yaani njia ya mawimbi aliyoitaka, hutaka mita ishirini za kujinyoosha, na hapo hazikuwepo. Basi akaupinda. Alisimamisha bomba juu ya paa, akateremsha waya huku na huku hadi pembe za ukuta, kisha ncha zake akazikunja zifuate ukuta. Chini yake akaning'iniza waya wa bendi ya mita ishirini, na chini zaidi ule mfupi wa mita kumi, nyaya zote zikitoka kitovu kimoja. Peres aliziita kamba za nguo ambazo mwenye nguo haruhusiwi kuanika.

Alipowasha redio, wa kwanza kumjibu alikuwa Kulwant, mzee wa Lavington aliyemfundisha mambo hayo.

"Umeweza, Joash! Waya yako imepinda kama nyoka, lakini nakupata safi!"

Kabla Joash hajajibu, sauti nyingine ikapenya katikati, nzito, iliyojaa mate.

"Hodi."

Sasa, hewani kuna sheria. Kila mtu hutaja kwanza jina lake la hewani, zile herufi na namba alizopewa na leseni, na asiyejitaja hajibiwi. Joash aliijua sheria hiyo vizuri sana. Lakini kabla ya redio kulikuwa na mama yake kule Ugenya, ambaye angekuchapa mwiko ukimwacha mtu asimame mlangoni bila jibu. Ulimi ukatangulia akili.

"Karibu! Karibu ndani!"

Kisha Kulwant akanong'ona, "Joash, umekaribisha nani? Huyo hajajitaja. Zima, kijana. Zima sasa hivi!"

Joash akazima. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe.

Ilitangulia harufu ya nywele zinazoungua. Zikafuata nyayo za maji sakafuni, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye kochi, na kochi likabonyea. Ivyne, binti yao wa pekee, aliyekuwa akichora mezani, akaacha penseli ianguke.

"Mgeni hapewi hata maji?" sauti ikauliza, safari hii bila redio.

Peres akaleta glasi ya maji. Glasi ikamtoka mkononi, ikapasuka hewani, na vipande vyake vikashindiliwa kwenye kiganja cha Joash mpaka kimoja kikatokea upande wa pili.

"Nimetoka mbali hivi, mnanipa maji ya mfereji!"

Joash akapiga yowe. Akachukua koleo kwa mkono uliobaki, akakimbia uani kuikata antena, akidhani mgeni aliyekuja kwa waya atakwenda na waya. Lo! Waya ule mrefu ulipokatika haukuanguka chini kama waya wa watu, bali ulijipinda hewani, ukamzunguka shingoni mara mbili, ukamburuta juu ya zege na kumgonga ukutani, akasikia ubavu wake ukivunjika kama kuni kavu, huku Peres akimng'ang'ania miguu na kulia, "Mwache! Mwache baba wa mtoto!" na ndani ya nyumba vyombo vikiruka na kuvunjika, mpaka Ivyne akapiga kelele moja tu na kila kitu kikanyamaza.

Walimkuta mtoto akining'inia katikati ya chumba, kashikwa kwa nywele na mkono usioonekana, pua ikimchuruzika damu.

"Nimepapenda hapa," ikasema ile sauti, na sasa ilikuwa ikitoka kinywani mwa Ivyne. "Nitakaa. Nimeshapata pa kukaa."

Peres akatoka mbio, akarudi na Mama Naliaka, mwombezi wa kanisa la kanzu nyeupe aliyekaa nyumba ya tatu. Mama Naliaka hakuwa mwoga. Alipiga kengele, akanyunyiza maji, akaamuru, "Toka! Toka katika mtoto wa watu!" Jibu lilikuwa pigo lililomng'oa meno mawili na kumvunja mkono. Akabaki sakafuni, kanzu imejaa damu, akanong'ona:

"Nani alimwita?"

"Ni mimi," Joash akasema. "Alipiga hodi, nikamkaribisha."

"Uuuwi! Kumbe tunahangaika bure. Mgeni uliyemkaribisha kwa mdomo wako hafukuziki, baba. Husindikizwa. Na mwenye kumsindikiza ni mwenye nyumba."

Joash akamtazama binti yake. Midomo ilishaanza kuwa ya buluu. Akafuta damu usoni, akainama kidogo kwa adabu, ingawa ubavu ulimkata.

"Mgeni, umetutembelea. Twende nikusindikize."

Ivyne akaanguka mikononi mwa mama yake, akavuta pumzi kwa kelele. Na begani kwa Joash ukatua mkono mzito, wa moto.

Wakatembea hivyo mpaka barabara ya lami, watu wakimpisha mtu yule mwenye damu aliyeinama upande mmoja. Joash akasimama.

"Haya, mgeni. Hapa panatosha. Safari njema."

"Asante. Umenisindikiza vizuri," ikajibu sauti sikioni. "Nami nina adabu zangu. Siwezi kukuacha urudi peke yako. Twende nikurudishe kwako."

Joash akaelewa: akirudi nyumbani, mgeni angeingia naye tena. Nyuma yake, kwa mbali upande wa nyumbani, alimsikia Ivyne akiita, "Baba! Baba!" kwa sauti yake mwenyewe. Moyo ulimuuma kuliko ubavu.

"Kwangu ni huku," akasema, akauelekeza uso mjini.

"Mwongo!" Kichwa kikagongeshwa kwenye mlingoti wa stima. Akainuka, akaendelea kwenda.

Walinzi wa Kileleshwa humwona mpaka leo, akipita bila kupumzika, akisema na mtu asiyeonekana. Akikaa tu chini, hupigwa.

Siku moja Peres alikuwa akitoka kanisani na Ivyne, mtoto akamwona ng'ambo ya barabara. Akaponyoka mkononi mwa mama yake, akiita kwa furaha. Joash alimtazama, machozi yakamtoka. Kisha akageuka, akamkimbia kwa nguvu zake zote, ule mkono wa moto ungali begani.