Mfuniko wa Sufuria Kichwani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mlingoti alifagia ua, akaosha vyombo na kumsaidia bibi yake kuwasha jiko la gesi. Siku hizi alikuwa amejiongezea kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Alichukua mfuniko wa sufuria kubwa, akauweka kichwani, kisha akatembea kutoka jikoni hadi mlango wa mbele bila kugeuza shingo.

"Mjukuu wangu, mfuniko uko wapi?" bibi aliuliza, huku mvuke ukimpanda usoni.

"Ninautumia, bibi."

"Unafunikia nini?"

"Kichwa."

Bibi akageuka, akamtazama kuanzia miguuni hadi juu. "Makubwa haya! Kwani ubongo wako unachemka?"

Mlingoti alitamani kucheka, lakini angecheka, mfuniko ungeanguka. Akabana midomo, akageuka taratibu kama mlango wenye kutu, akarudi jikoni. Shingo ilimwaka moto.

Jina la Mlingoti alipewa na wenzake darasani. Alirefuka ghafla, akawapita wote, hata kiranja mkuu. Siku moja mtu akamlinganisha na mlingoti wa bendera, na jina likamganda. Tangu hapo alianza kutembea ameinama, mabega mbele, macho chini, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka.

Lakini Mungu alimpa sauti. Alipokuwa akisoma darasani hata watukutu walinyamaza. Ndiyo maana mwalimu wa maigizo alimchagua awe msimulizi wa mchezo ambao shule ingeuonyesha mbele ya wazazi. Msimulizi angesimama mbele peke yake, katika ukumbi mkubwa usio na kipaza sauti. Mlingoti aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Kwa mara ya kwanza watu wangemtazama bila kumcheka.

Basi mazoezi yakaanza, na mambo yakaharibika. Sauti yake ilianza vizuri, lakini kufika katikati ilikuwa nyembamba kama uzi, kisha ikakatika.

"Nyooka!" mwalimu alimpigia kelele kutoka nyuma ya ukumbi. "Sauti haipiti kwenye bomba lililopinda!"

Mlingoti alinyooka. Alitoa kifua mbele, akainua kidevu, akakaza magoti kama askari kwenye gwaride. Sauti ikakatika mapema zaidi.

"Nimesema nyooka, sikusema uwe mti!" mwalimu alilalamika. Yeye mwenyewe sauti yake ilikuwa imekauka kwa kufundisha tangu asubuhi, na mkono mmoja ulishikilia kiuno. "Sikiliza, binti. Tutaona Ijumaa. Ukikwama tena, Redio atasimulia."

Redio alikuwa msichana aliyekaa naye dawati moja. Aliitwa hivyo kwa sababu alizungumza tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuwa na roho mbaya, ila ulimi wake ulikuwa na pilipili.

"Usijali, shoga yangu," alimnong'oneza Mlingoti. "Wewe utabaki kuwa mlingoti, mimi nitapepea juu yako."

Siku hiyohiyo jioni, Mlingoti alianza kutembea na mfuniko. Alikuwa amesikia kwamba mtu akiweka kitu kichwani kisidondoke, basi amenyooka sawasawa.

Wakati huohuo mkufunzi mmoja alikuwa akija shuleni. Zamani alikuwa mcheza ngoma wa jukwaani, mpaka goti lake lilipomgomea. Sasa kazi yake ilikuwa kuwafundisha wasanii na walimu namna ya kusimama, kuketi na kutumia sauti bila kujiumiza. Mwalimu mkuu alimwita kwa ajili ya walimu wake waliokuwa wakilalamikia migongo na makoo, akamwomba awasaidie na watoto wa maigizo. Kwa kuwa neno lake kubwa lilikuwa "taratibu", wanafunzi walimwita Mama Taratibu.

Mlingoti alidhani atafundishwa siri ya kupaza sauti. Badala yake, madawati yalisukumwa ukutani, mikeka ikatandikwa, wakaambiwa walale chali, magoti juu, kitabu chini ya kichwa.

"Msifanye chochote," Mama Taratibu alisema. "Chunguzeni tu. Ulimi wako uko wapi? Meno yamebanana? Nani amekunja vidole vya miguu bila kujua?"

Kisha wakaambiwa waketi kwenye viti. Wasimame. Waketi tena.

"Kabla hujaketi, shingo yako ilifanya nini?"

Mlingoti alijisikia kupasuka. Ijumaa inakaribia, na huyu mama anauliza habari za shingo na kiti! "Tumekuja kuigiza au kujifunza kukaa?" alimnong'oneza Redio kwa hasira. "Hata mtoto wa chekechea anajua kukaa."

"Mimi sina neno," Redio alijibu akipiga miayo. "Hapa nalala vizuri kuliko nyumbani."

Kila kipindi Mama Taratibu alianza na swali moja: "Nani anaumwa mahali popote leo?"

Mlingoti aliumwa. Shingo ilikuwa imekaza hadi mabegani, na akigeuka ilibidi ageuke mwili mzima. Lakini alijua akisema, mwalimu atasema hawezi, na nafasi itamtoka.

"Siumwi," alisema.

"Mimi pia mzima kabisa," alisema mwalimu wa maigizo, mkono kiunoni.

Mama Taratibu aliwatazama wote wawili kidogo, kisha akaendelea na kazi.

Ijumaa ilifika. Mlingoti alikuja na mfuniko ndani ya mkoba. Alikuwa amekata shauri kuwaonyesha kwamba amejituma. Alipanda jukwaani, akauweka kichwani mbele ya wote, akakaza magoti, akainua kidevu.

"Haya, jamani, leo tunapikwa," Redio alisema, na watoto wakaangua kicheko.

"Kimya!" mwalimu alisema. Alipoona mfuniko umetulia, aliridhika. "Hapo sasa! Anza."

Mlingoti alianza. Maneno ya kwanza yalitoka. Ya pili yalikwaruza. Kufika katikati, sauti ililia kama bawaba, ikafa.

"Tena!" mwalimu aliamuru.

Alianza tena. Ikafa tena.

"Tena!"

Safari hii macho yake yalianza kuona nyota. Magoti yaliyokuwa yamekazwa yalilegea kwa ghafla, akapepesuka na kushika pazia. Mfuniko ulianguka kwa kishindo, ukabingirika chini ya jukwaa, ukaenda kusimama mbele ya miguu ya Redio.

Watoto walicheka. Mlingoti hakuvumilia tena.

"Nikiinama mnasema nimepinda! Nikinyooka mnasema nimekuwa mti! Nimefanya mazoezi kila siku mpaka shingo haigeuki, na bado hamtosheki! Mnataka nifanyeje?"

Redio aliuokota mfuniko, akaufuta vumbi kwa sketi yake, akaurudisha jukwaani bila neno.

Mama Taratibu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja mbele polepole kwa sababu ya lile goti lake.

"Uweke tena kichwani," alisema.

Mlingoti aliuweka.

"Mfuniko hauna shida, umetulia. Wewe je?"

Mlingoti alitaka kusema yuko salama. Badala yake machozi yalitangulia. "Naumwa shingo. Sana. Tangu nianze kubeba huu mfuniko."

"Kwa nini hukuniambia nilipouliza?"

"Niliogopa nafasi yangu ingechukuliwa."

Mama Taratibu alimwondolea mfuniko. "Wanaobeba ndoo kichwani shingo zao zinacheza, na magoti yanacheza. Wewe umeganda ili kitu kisianguke. Hukujifunza kunyooka, ulijifunza kuganda. Sasa usinyooke wala usiiname. Niambie tu, magoti yako yanafanya nini?"

"Yamekaza."

"Usiyakunje. Acha tu kuyakaza. Na vidole vya miguu?"

Mlingoti alichungulia viatu vyake kana kwamba angeona ndani. "Vimeng'ang'ania."

"Viache. Na pumzi?"

Mlingoti alishtuka. Hakuwa akipumua kabisa! Alikuwa ameizuia tangu aliposimama. Akaiachia, na mabega yakashuka yenyewe. Kidevu nacho kikashuka kidogo, na nyuma ya shingo pakapata nafasi. Ajabu ni kwamba alihisi amekuwa mrefu zaidi kuliko alipokuwa akijivuta.

"Sema sasa. Usinisemee mimi. Msemee yule aliyekaa nyuma kabisa."

Alisema. Sauti ilitoka, ikaenda. Haikuwa muujiza, maana mbele kidogo magoti yalikaza tena na sauti ikaanza kukonda. Lakini safari hii alihisi yalivyokaza. Akayaachia, akaendelea mpaka mwisho.

Mwalimu wa maigizo alijikuna kichwa. "Nimekuwa nikimwambia anyooke, kumbe nilikuwa namkaza." Akasita, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi kiuno kinaniua tangu mwanzo wa muhula."

"Najua," Mama Taratibu alisema. "Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe kile ambacho mkono wako ulishaniambia. Kipindi kijacho utalala mkekani pamoja na watoto."

"Mwalimu, nitakuazima kitabu changu cha kulalia," Redio alisema, na kicheko cha safari hii hakikumuuma mtu.

Mlingoti alipumzisha shingo kama alivyoagizwa, akaenda zahanati na bibi yake kuangaliwa, akarudi mazoezini. Nafasi haikuchukuliwa. Siku ya mchezo alisimama peke yake mbele ya wazazi, mrefu kama alivyo, bila kujikunja. Magoti yalitaka kukaza. Akayaambia kimoyomoyo, jamani, taratibu. Akapumua, akasimulia.

Bibi yake, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, alikaa mstari wa mwisho karibu na mlango. Mchezo ulipokwisha alisema, "Nimesikia kila neno. Hata yale ambayo jirani yangu alikuwa akikohoa juu yake."

Nje ya ukumbi, Mama Taratibu aliwakusanya waigizaji. "Bidii yenu ni nzuri," aliwaambia. "Lakini bidii ya kuficha maumivu si bidii. Mtu anaweza kumdanganya mwalimu, anaweza kumdanganya rafiki. Mwili wake hawezi kuudanganya, ndio anaoishi nao. Haya, nani anaumwa mahali popote leo?"

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mwalimu wa maigizo. Wa pili ulikuwa wa Redio, aliyesema anaumwa mbavu kwa kumcheka mwalimu akiwa mkekani. Mlingoti aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto, akatabasamu. Hakuinua mkono.

"Kama shingo imepona," bibi alisema akimshika mkono, "basi mfuniko wangu urudi kwenye sufuria. Gesi haiokotwi njiani."