Pumzi ya Motokaa

Motokaa ya Bwana Miwani ilizimika Jumanne, juu ya daraja la magogo kwenye kijito cha njia ya Bigwa, na fundi wake, Pazi bin Yunusi, aliudhika kabla hajaogopa. Aliudhika kwa sababu Jumamosi iliyotangulia aliifungua kabureta yote kwa mikono yake, akaisafisha, akaifunga, kisha akajisifu mbele ya watu wa stesheni ya Morogoro kwamba sasa motokaa itapanda Uluguru kama mbuzi. Mdomo uliponza kichwa, na cha Pazi kilikuwa na mdomo mpana.

Bwana Miwani alikuwa Mdachi, mtu wa Ujerumani, mwenye shamba la mpira. Watu walimwita hivyo kwa ajili ya miwani yake mikubwa ya kuzuia vumbi. Motokaa ilipokohoa, ikatetemeka na kunyamaza, hakutukana. Alitoa saa mfukoni akaitazama. Jua lilikuwa la utosi, na kiboko kilikuwa chini ya kiti.

Pazi akashuka, akafungua bakuli la kabureta. Petroli ilikuwemo. Akalitikisa boya sikioni asikie kama limetoboka, lilikuwa zima. Akafungua pua, kile kishaba chenye tundu la kupita sindano ambako petroli hurushwa ikutane na hewa, akakielekeza juani. Tundu lilikuwa limezibwa na uzi mmoja mweusi.

Uzi huo aliujua. Jumamosi, alipokuwa akiijaribu motokaa peke yake, petroli ilimwishia hapohapo darajani. Debe alikuwa nalo, lakini ngozi ya kuchujia aliisahau nyumbani, na fundi aliyefunzwa karakana ya reli Dar es Salaam hamimini petroli bila kuichuja. Kando ya kijito palikuwa na mkuyu, na kwenye tawi lake watu wa mlimani walikuwa wamefunga kaniki mpya nyeusi ya tambiko. Pazi alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu mbili na kilemba, na mambo ya mlimani aliyaita ya kishenzi, ingawa mke alioa hukohuko. Alichana kipande, akachujia, akakitupa majini.

Sasa aliupuliza ule uzi, akarudisha pua, akapiga hendeli ya kuzungushia injini. Motokaa ikawaka, na Bwana Miwani akarudisha saa mfukoni.

Jumatano ikazimika tena, mahali palepale, saa ileile.

Safari hii pua ilikuwa safi. Pazi akaamua kufanya wafanyavyo mafundi: unaziba koo la kabureta, pale hewa inapoingilia, kwa kiganja, mwenzako anapiga hendeli, na injini ikivuta kwa nguvu hunyonya uchafu uliojificha. Aliweka kiganja. Alikuwa bado hajamwita mtu wa kupiga hendeli, Bwana Miwani yuko kule kijitoni ananawa uso, magurudumu hayatikisiki, injini imekufa kabisa, na bado kabureta ilikivuta kiganja chake, ikakivuta polepole, ikakiachia, ikakivuta tena, na kila ilipoachia ilitoa pumzi ya baridi isiyonuka petroli hata kidogo, ila inanuka karafuu maiti, ile wanayotiwa wafu baada ya kuoshwa.

Akauondoa mkono. Bwana Miwani aliporudi, alipiga hendeli, na motokaa ikawaka kama haijapata kuzimika.

Nyumba yake ilikuwa uani, nyuma ya banda la motokaa. Mkewe Mwanaheri alikuwa ameketi mlangoni, mikono juu ya tumbo. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Hii ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa tisa, na Pazi alikuwa akihesabu siku zake kwa hofu.

"Leo mchana alinyamaza," Mwanaheri alisema kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Mtoto. Na jana pia, sikutaka kukutia wasiwasi. Jua lilipofika utosini, kimya. Halafu baada ya muda akarudi kucheza."

Pazi alisema watoto hulala. Yeye mwenyewe usingizi haukumjia.

Alhamisi Bwana Miwani alipanda gari moshi kwenda Dar es Salaam kwa juma zima, na jioni mama yake Mwanaheri akateremka kutoka mlimani bila kuitwa. Bi Chausiku alikuwa mganga, tena wa kutegemewa. Lakini kwa Pazi alikuwa kwanza mkwe, na mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akaketi jikoni, nyuma ya kiambaza, na Pazi akabaki barazani.

"Mwanaheri, muulize mkwe wangu," alisema Bi Chausiku. "Tumbo lako nililiwekea nadhiri kwenye mkuyu wa kijitoni. Nilifunga kaniki, nikawaambia mizimu, wenyewe wa pale: pumzi ya mjukuu wangu nimeiweka hapa, nitunzieni mpaka azaliwe. Leo nimepita, nimeikuta imechanwa. Yeye hupita pale kila siku. Hakuona mkono wa mtu?"

Mwanaheri hakuwa na haja ya kurudia. Pazi alikuwa amesikia kila neno. Angesema nini? Utamwambiaje mkweo kwamba nadhiri yake umeichana ukachujia petroli?

"Mwambie mama sikuona mtu," alisema. "Labda upepo."

"Kama ni upepo, vizuri," ilijibu sauti ya kiambazani. "Kesho nitakwenda kuwaapia."

Ijumaa asubuhi akaenda, akaapa, akarudi. Tangu aliporudi mtoto hakucheza tena. Mwanaheri alijigeuza huku na huku, akanywa maji ya moto, akaimba. Hakuna.

Hapo Pazi akakumbuka kwamba mtoto alinyamaza saa ileile motokaa ilipozimika, na ufundi wake ukamwingia mahali pabaya. Alikwenda bandani, akapiga hendeli, motokaa ikanguruma. Kutoka mlangoni Mwanaheri akapaza sauti: "Amecheza." Pazi akafunga petroli, injini ikafa. Akasubiri. Mwanaheri akatikisa kichwa. Akawasha tena, akacheza. Akazima, kimya. Akawasha mara ya tatu, na mara hii hakuthubutu kuigusa petroli tena, kwa sababu fundi akishapata mahali ugonjwa ulipo hana haja ya kupima zaidi, na Pazi alikuwa amepapata, palikuwa ndani ya kile kikombe cha shaba kinachovuta na kuachia, kinavuta na kuachia, na aliyeitia pumzi ya mwanawe humo alikuwa yeye.

Alikizunguka kiambaza. Bi Chausiku alipomwona mbele yake alijifunika uso kwa upande wa kaniki.

"Mama, ni mimi niliyeichana," Pazi alisema. "Nilichujia petroli. Nilikudanganya kwa haya."

Bi Chausiku aliikaza kaniki usoni.

"Nimeapa kwa jina la mwanangu kwamba hapakuwa na mkono wa mtu," alisema. "Umenifanya mwongo mbele yao. Mimi hawanisikilizi tena."

"Tufanyeje?"

"Pumzi imekwenda ulikoipeleka. Chuma kikihema, mtoto atahema. Nitampa Mwanaheri dawa uchungu uje leo hii. Wewe nenda kwenye chuma chako, kisinyamaze mpaka nikuite."

Petroli ilikuwa madebe mawili na kidogo. Pazi aliimimina na kuichuja kwa ngozi, akaongeza maji kwenye rejeta ilipochemka, akaisikiliza injini kama mama anavyomsikiliza mgonjwa. Watu waliotoka msikitini walipita wakamtania: "Fundi, hata Ijumaa?" Akaendelea kuchuja. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mwanaheri, kwanza ya kuguna, kisha ya kulia. Alasiri ikaingia. Debe la kwanza likaisha, na la pili likafuata.

Alipolipindua debe la pili likatoa matone matatu, na mtoto alikuwa hajatoka. Injini ikaanza kukohoa. Akakimbilia kulitikisa tangi, kavu; akafungua bakuli, kavu; injini ikashuka, ikashuka, na ndani ya nyumba Bi Chausiku akaita, "Pazi, usinyamaze, kichwa kimeonekana," na Pazi, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine duniani cha kuitilia, alipiga magoti, akaweka mdomo wake kwenye koo la kabureta, akapuliza. Injini ikapanda. Akataka kuutoa mdomo avute hewa, ukakataa, kwa maana kilichokuwa upande wa pili kilikuwa kinavuta sasa, kinavuta kwa pupa, na harufu ya karafuu maiti ikamjaa kifuani, na injini isiyo na tone la petroli ikanguruma kwa nguvu ambayo hajapata kuisikia, mpaka mabati ya banda yakatetemeka, mpaka macho yake yakaingia giza.

Mtoto akalia.

Motokaa ikazimika hapohapo. Bi Chausiku alimkuta mkwewe amelala kifudifudi juu ya mavumbi. Alimwita mara mbili. Mara ya tatu akainuka, akajipangusa, akauliza, "Mama yake je?"

"Mzima. Na mtoto wa kike."

Pazi alilia kwa furaha. Mtoto wakamwita Shamsia. Bwana Miwani aliporudi, motokaa ilivuka kijito bila kusita, siku ile na siku zote. Mwanaheri alishukuru Mungu, akaacha kuogopa.

Mwezi wa saba, kipupwe kilipokaza, walipanda mlimani kumpeleka mtoto kwa bibi yake. Asubuhi waliketi uani kuota moto. Baridi ilikuwa kali, na kila aliyefungua mdomo alitoa moshi mweupe: Bi Chausiku akikoleza kuni, Mwanaheri akicheka, na Shamsia mwenyewe, kimoshi kidogo puani, kinakuja, kinakwenda. Alikuwa amepakatwa na baba yake. Pazi alikuwa akisimulia habari za stesheni, anasimulia kwa uchangamfu, maneno mengi bila kituo.

Mbele ya mdomo wake hapakuwa na kitu.

Mwanaheri alitazama kwa muda mrefu, akidhani ni macho yake. Kisha akageuka kwa mama yake, akamwona naye anamtazama Pazi usoni waziwazi, bila kujifunika.

"Mwanaheri," Bi Chausiku alisema polepole, "mpokee mtoto."